Ukienda Malindi usiishie kwa selfi: jinsi ya kuutembelea na kuusoma mnara wa Vasco da Gama

Watu wengi ninaowaona pale wanafanya hivi: tuktuk inawashusha, wanalipa, wanatembea mpaka kwenye ule mnara mweupe, selfi tatu, moja ya kuruka juu, halafu mmoja anauliza "kumbe ni hii tu?" na wanarudi zao mjini kutafuta pizza. Dakika kumi, kwisha. Siwalaumu, manake hata mie mara ya kwanza nilienda na shule, tukapangwa laini juani, mwalimu akatusomea kibao, tukapewa mkate na soda tukarudi kwa basi. Nilichokumbuka ni soda. Nimekuja kuuelewa ukubwani, na tangu hapo nishapeleka wageni pale sijui mara ngapi, wengine wa bara, wengine ndugu zangu wa Tanga, kwa hivo naandika hapa jinsi ya kufika na hasa jinsi ya kuuangalia ukishafika.

Jambo moja kabla ya yote. Ile pia (koni) kubwa nyeupe unayoegemea kupiga picha sicho kitu alichokuja nacho Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Alichokuja nacho melini ni kile kimsalaba cha jiwe kule juu kabisa, ambacho nusu ya watu hata hawakiinulii macho. Ukikamata hilo tu safari yako haitakuwa ya bure.

Kufika

Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120, unapanda matatu ya Malindi, unapita Mtwapa, daraja la Kilifi, Kilifi yenyewe, msitu wa Arabuko Sokoke unakuwa ubavuni kwako, halafu njia panda ya Gede, na kabla hujachoka sana umeingia Malindi. Piga hesabu ya masaa mawili na nusu, na siku Mtwapa imeshikana foleni usipige hesabu yoyote. Wa Nairobi wanaokuja kwa treni ya SGR wajue kituo kiko Miritini, nje ya mji, kwa hivo bado una safari ya kuvuka Mombasa yote kabla hujaanza ya Malindi. Ndege pia zipo, uwanja uko hapo hapo Malindi, ukiwa na hela yako.

Ukishuka stendi usianze kumwambia dereva wa tuktuk maneno ya vitabuni, sijui nguzo, sijui mnara wa kumbukumbu. Mwambie "nipeleke Vasco da Gama" basi. Anajua. Patana bei kabla hujakaa. Ila mie nakushauri usianzie huko, anzia mjini, ufike mnarani mwisho, na sababu yake utaiona.

Wakati gani uende

Mchana wa saa sita usiende. Jua liko utosini, chokaa nyeupe inakupiga machoni, na msalaba ule juu unauona kama kivuli bapa tu, huwezi kuona kama una michoro ama hauna. Nenda asubuhi, saa mbili wakifungua, au alasiri kuanzia saa kumi, sababu jua likiwa chini linapita jiwe kwa ubavu na kila kilichochongwa kinatoa kivuli chake. Wanafunga saa kumi na mbili jioni kwa hivo usichelewe. Alasiri jua linatoka upande wa nchi kavu, ukitaka picha mnara umewaka na bahari iko nyuma yake, hiyo ndo saa yako.

Halafu angalia maji. Uliza mvuvi yeyote pale jeti maji yanajaa saa ngapi leo, atakwambia bila kuangalia simu. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, unaweza kuiona ile rasi kwa chini, mwamba mweusi wa matumbawe ulioliwa na mawimbi mpaka umebaki meno meno, na hapo ndo unaelewa mnara umekaa juu ya nini. Vaa viatu vya kushika mguu lakini, slipa za mpira kwenye mwamba ule ni kujitafutia mshono, mie binamu yangu alichanika unyayo tukamaliza siku yetu tunatafuta plasta badala ya historia.

Msimu nao una maneno yake. Wakati wa mvua Mto Sabaki unamwaga matope baharini hapo kaskazini ya mji, na maji ya Malindi yanageuka rangi ya chai ya maziwa, usishangae ukadhani umedanganywa kwenye zile picha za buluu. Buluu ni wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi. Lakini kama nia yako ni kuuelewa mnara, mie nasema nenda Aprili japo mvua ikunyeshee, nitakwambia kwa nini.

Tiketi

Eneo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Bei si moja, kuna ya raia, ya mkaazi na ya mgeni, watoto yao, kwa hivo beba kitambulisho la sivyo utahesabiwa mgeni na utalipa kigeni. Malipo siku hizi ni ya simu, hakikisha una salio na chaji. Ulizia pale tiketi yako inafungua milango mingapi, sababu jumba la makumbusho mjini, kanisa dogo la Wareno na mnara vimekuwa vikienda pamoja, na watu wengi wanalipa halafu wanaona kimoja tu viwili wanaviacha, hela yao wenyewe.

Kuhusu magaidi (samahani, hivo ndo tunavowatania wale wa kutembeza watalii, gaidi kwa maana ya "guide" wa Kiingereza, si mlipuaji), mchukue mmoja mwenye kitambulisho kama ni mara yako ya kwanza. Wengine ni hazina. Wengine watakupigia stori tamu ambayo haijawahi kutokea popote. Namna ya kumpima ni rahisi, muulize "mzee, lile jiwe la juu na hili la chini yametoka sehemu moja?" Akikwambia yote aliyaleta Vasco, mshukuru, mpe chake, endelea peke yako.

Anzia makaburini

Ndio, makaburini. Kule mji wa zamani karibu na Msikiti wa Juma kuna makaburi ya nguzo, moja refu kweli kweli, ya karne ya 15. Nguzo ya mawe ya matumbawe na chokaa, imesimama juu ya kaburi la mtu mkubwa. Simama hapo dakika mbili tatu kwa adabu yako, ni karibu na msikiti, vaa vizuri na usipande juu ya ukuta kupiga picha. Nakupeleka hapa kwanza ili ukifika kule kwa Vasco ukumbuke kwamba watu wa Malindi walikuwa wanajua kusimamisha nguzo kabla Mreno hajaonekana hata kwa darubini. Mji ulikuwa na nyumba za mawe, una wafanyabiashara kutoka Bara Hindi bandarini, na mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulishafika China na twiga wa zawadi kwa mfalme wa huko. Twiga, melini, mpaka China. Huwa nasema hiyo ndo ingetakiwa iwe na mnara.

Jumba la makumbusho liko hapo karibu na jeti, nyumba ya nguzo za mbele ya karne ya 19, pitia kama una muda, ukiwa na watoto pitia lazima. Kisha teremka na barabara ya ufukweni kuelekea kusini, kwa miguu si mbali. Utakuta kikanisa kidogo cha makuti ndani ya uwanja wa makaburi. Hilo ndo kanisa la Wareno, mwaka 1542 padri Francis Xavier alisimama Malindi akielekea Goa na akamzika baharia hapa. Ni chumba kimoja tu. Watu wanapita na tuktuk spidi sitini hawalioni. Sitakuwekea maneno mengi hapa, ingia, kaa kimya, toka.

Sasa mnara wenyewe

Ukipita getini unatembea mpaka kwenye ncha ya rasi, bahari kulia bahari kushoto, na upepo. Usikimbilie chini yake. Simama mbali kidogo, hatua thelathini arobaini, uangalie umbo zima. Utaona vitu viwili vilivyounganishwa: pia nyeupe ya kupakwa chokaa, pana chini inakwenda ikichongoka, na juu yake msalaba wa jiwe wa rangi nyingine.

Anza na msalaba. Toa simu uvute karibu, au kama una darubini ndo penyewe. Zunguka pande zote, sababu upande mmoja utaona nembo ya Ureno iliyochongwa, imelika na chumvi ya miaka mia tano na zaidi lakini ukipata jua la ubavu inajitokeza. Jiwe lile ni chokaa gumu la Lisbon. Lilichongwa kule, likapakiwa melini pamoja na mizinga na biskuti kavu, likazunguka Afrika nzima. Wareno walikuwa wanaita hivi vitu padrão, yaani jiwe la alama, na hawakuwa wanavichonga njiani, walikuwa wanasafiri navyo tayari, kama mtu anayetembea na muhuri wa ofisi mfukoni. Wakifika pahala wanasimamisha, maana yake tumefika, tumeona, sisi ni wa mfalme fulani na wa dini fulani. Zamani zaidi walikuwa wanatumia misalaba ya mbao, ikawa inaoza, ndo mfalme wao João wa Pili akaamua iwe ya mawe.

Tarehe sasa, na hapa utasikia mengi. Wengine watakwambia mnara ni wa 1498. Vasco alifika Malindi mara ya kwanza katikati ya Aprili 1498 kweli, lakini daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa waliokuwemo melini linaonyesha ruhusa ya kusimamisha jiwe iliombwa Januari 1499, wakati wa kurudi. Tofauti ya miezi tisa inaweza kuonekana ndogo lakini kwangu mie ndo stori yenyewe, sababu ni watu wawili tofauti walioingia bandari ile. Ngoja nikueleze ukiwa bado umesimama hapo upepeni.

Mara ya kwanza wanatoka Mombasa ambako hawakuelewana kabisa. Mfalme wa Malindi na wa Mombasa walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na adui wa jirani yako akija na mizinga unamkaribisha, siasa za pwani hizo. Vasco aligoma kushuka nchi kavu, akasema mfalme wake hajamruhusu. Kwa hivo mfalme wa Malindi akaja kwa mashua wakakutana majini hapo hapo mbele yako, kavaa joho la hariri, mwavuli wa hariri nyekundu juu, na wapigaji wenye pembe za ndovu zilizonakshiwa urefu wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Yule Mreno anayeandika hajui anaita nini, ameandika tarumbeta. Mswahili akisoma anajua mara moja: siwa. Ukitaka kuziona siwa kwa macho yako panda mpaka Lamu, kwenye jumba la makumbusho.

Siku chache baadaye wakapewa rubani na tarehe 24 Aprili wakang'oa nanga, tarehe 20 Mei wako Calicut, India. Siku ishirini na kitu tu. Hapo ndo sababu ya kukwambia uende Aprili, ukisimama pale rasini mwezi huo unasikia upepo unageuka, kaskazi inakufa kusi inaingia, na ile kusi ndo iliyowasukuma. Rubani mwenyewe amezozaniwa sana. Magaidi wengi watakwambia alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari wa Oman, na inapendeza kusikika lakini wanahistoria wengi wameikataa, waandishi wa Kireno wanamtaja mtu wa Gujarat anayeitwa Malemo Cana. Malemo! Sema kwa sauti. Ni mwalimu. Mwalimu wa chombo, hata leo mabaharia wa majahazi wanalijua neno hilo kwa mjuzi wa njia. Mreno kalisikia akadhani ni jina la mtu.

Mara ya pili ndo mbaya. Wametoka India Oktoba upepo haujawakubali, hawakumsikiliza anayejua misimu, wakazagaa baharini karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawamaliza, fizi zinavimba mpaka zinafunika meno mtu hawezi kutafuna. Walipoingia Malindi Januari 7, 1499, kila meli ilikuwa na watu saba wanane tu wa kuweza kufanya kazi. Jambo la kwanza kutuma mtu pwani ni kutafuta machungwa kwa wagonjwa. Wengine walikufa hata na machungwa mkononi. Katikati ya hali hiyo ndo nahodha anaomba kwa mfalme vitu viwili, pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wa Ureno na ruhusa ya kusimamisha jiwe nchi kavu liwe alama ya urafiki. Akapewa vyote. Kwa hivo ukiuangalia ule msalaba usimwone mshindi ameweka bendera, mwone mtu aliyechoka, watu wake wengi wameshazikwa baharini, amebakiwa na jiwe zito melini na hana nguvu za kulibeba zaidi. Siku chache tu baada ya kutoka hapa wakachoma meli yao moja, São Rafael, kwenye mafungu huko upande wa Tanga, sababu mabaharia hawakutosha meli tatu. Wageni wangu wa Tanga nikifika hapo huwa wanachangamka, "kumbe na sisi tumo!"

Lakini usimwonee huruma ukasahau na yaliyofuata, 1505 Wareno walirudi na meli za vita wakapora Kilwa wakaichoma Mombasa. Jiwe la urafiki limesimama Malindi kwa sababu Malindi ilikuwa upande wao. Kingine, jiwe lenyewe halikupendwa sana hata hapa. Lilisimamishwa kwanza kule mjini karibu na nyumba ya mfalme, watu wakanung'unika, mji wa Kiislamu na msalaba katikati yake utakaaje, likateremshwa, na baadaye likaja kusimamishwa huku kwenye rasi, mbali na misikiti, mahali vyombo vinavyotoka baharini vinaliona. Kwa hivo hata pale uliposimama sipo liliposimama mwanzo.

Sasa sogea kwenye pia. Gusa? Hapana usiguse sana, na usipande, nimeona watu wazima wanapanda. Angalia tu. Hii ni kazi ya matumbawe na chokaa, jiwe la hapa hapa, na umbo hili la sasa lilitokana na Kapteni Malcolm wa manowari ya Kiingereza Briton aliyeiimarisha mwaka 1873 isianguke. Kwa hivo hesabu mwenyewe: msalaba wa Mreno, mwili wa mawe ya Malindi, koti la Mwingereza, chokaa ya Wakenya, na sasa tiketi. Mzee mmoja mlinzi, nilipomwamkia shikamoo tukapiga gumzo, aliniambia "mwanangu, huyu ni kama kanzu ya babu, imetiwa viraka mpaka hujui kitambaa cha kwanza ni kipi." Cha kwanza ni cha juu, nikamjibu, akacheka.

Ukimaliza geuka umpe mnara mgongo, uangalie kusini na mashariki. Hapo mbele ndo hifadhi ya bahari ya Malindi, ya tangu 1968, na ile mistari myeupe ya povu kwa mbali ni mwamba unaovunja mawimbi. Chungulia pembeni uone jinsi bahari inavyoutafuna mwamba chini ya miguu yako. Matumbawe ni jiwe laini, maji yanaingia yanatoka miaka yote, ndo maana sipendi kuona vijana wamekaa ukingoni kabisa miguu ikining'inia kwa ajili ya picha.

Mambo madogo madogo

Maji ya kunywa beba. Kofia. Kanga ama leso ya kujifunika upepo ukizidi, na ukiifunga kumbuka hata neno leso tumelipata kwa hao hao, kama meza, bendera, mvinyo, padri. Gereza nayo ni igreja yao, yaani kanisa, imagine neno la kanisa likaja kuwa jela. Huwa nawapa watoto njiani wabahatishe maneno, wanakaa kimya saa nzima kwenye matatu, ni dawa.

Droni usirushe bila kibali, utanyang'anywa. Vijana wa ufukweni watakusalimia kwa Kiitaliano, "ciao", hata uwe mweusi kama mie, ni mazoea ya mji, wajibu kwa Kiswahili wataona haya kidogo. Vikuku na vinyago watakuonyesha, kama hutaki sema "ahsante kaka, siku nyingine" mara moja tu na uendelee kutembea, ukisimama kueleza umenunua.

Ukiwa na siku nzima ongeza Gede, kama kilomita kumi na tano hivi nyuma kwenye njia uliyojia, magofu ya mji mzima msituni, misikiti, jumba la mfalme, visima, vyombo vya kauri vya China vimefukuliwa humo, na tangu 2024 imeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Cha ajabu Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia na hawakuutaja ule mji. Ukipenda kufuata Wareno wenyewe, basi ni Mombasa, walihamia huko 1593 wakajenga Fort Jesus, na Malindi ikaanza kusinyaa.

Na kwa mlio mbali, sababu najua mnasoma mkiwa Muscat, Berlin, Toronto, mawe ndugu wa hili yapo. Lisbon, kwenye Jumuiya ya Jiografia, wana mawe ya Diogo Cão, baharia Mreno aliyemtangulia Vasco, yaliyotolewa pwani ya Angola, nembo zake zinasomeka kuliko za kwetu kwa sababu hazikukaa chumvini muda wote. Ule mnara mkubwa wa zege ulioko kando ya mto hapo Lisbon, Padrão dos Descobrimentos, ni wa 1960, usichanganye, jina tu limefanana. Jiwe la Cape Cross, Namibia, Wajerumani walilichukua 1893, likaja kukaa Berlin, na mwaka 2019 wakakubali kulirudisha. Mdomo wa Mto Kongo mpaka leo kuna rasi inaitwa Ponta do Padrão kwa sababu ya jiwe la Cão. Na lile la Vasco mwenyewe la Mossel Bay, Afrika Kusini, halikumaliza hata siku, Wareno walikuwa bado wanang'oa nanga wakaona wenyeji wanalivunja. Ukilinganisha na hayo, la Malindi limebaki nje, mahali pa upepo, si kwenye kioo. Ndo raha yake na ndo hatari yake pia.

Kurudi mjini nakushauri utembee, usichukue tuktuk. Jua linashuka, ukifika karibu na jeti wavuvi wanashusha, kuna viazi karai na ukwaju kando ya barabara, mabuyu, madafu. Kaa kwenye ukuta wa bahari na dafu lako uangalie nyuma kusini, mnara unaonekana kama kidole cheupe. Msalaba kutoka hapo hauonekani kabisa.